Bakuli Lirudi Tupu

Wakonyo alipimwa uzito mara ya kwanza kwa mizani ya mahindi, mbele ya vijana wanne wa kupakia magunia ambao asubuhi hiyo hawakuwa na kazi nyingine ila kutazama. Mizani ilikuwa ya Nasir, mume wa jirani yake Shamira, na ilikaa mlangoni mwa ghala lao nyuma ya msikiti, hapo Kitale mjini. Shamira alipanda kwanza, akatoa kilo sabini na nane. Wakonyo akavua viatu, akavua sweta, akamkabidhi Shamira simu na funguo, utadhani funguo ndizo zilizomnenepesha. Akapanda.

"Tisini na nne," Shamira akasoma kwa sauti ya chini.

"Gunia moja na kilo nne," kijana mmoja akawaambia wenzake, maana gunia la mahindi ni kilo tisini na hiyo ndiyo hesabu aliyoizoea. Hakuwa na ubaya. Wenzake walicheka, halafu wakaona haya, na mmoja wao akasema, "Pole mathe."

"Si kitu," Wakonyo akajibu, akashuka akivaa sweta yake upande wa ndani nje.

Shindano lenyewe lilikuwa la Mary Ann, dada ya mumewe, aliyeolewa Bungoma na kufanya kazi ya ofisi upande wa Kibabii. Mary Ann alikuwa amepunguza kilo kumi na moja kwa kutumia programu ya simu, na tangu hapo alikuwa kama mtu aliyeokoka jana, hawezi kukaa nawe dakika tano bila kukuhubiria. Alikusanya wanawake kumi na wawili wa Bungoma na Kitale, akawatia kwenye kikundi kimoja humo humo ndani ya programu. Chakula hakiliwi kabla ya kupigwa picha, na picha hiyo wenzako wote wanaiona. Jumamosi ni kupima uzito. Na kila saa za kula, kabla hujatia tonge mdomoni, programu inakuuliza kwa Kiingereza swali ambalo Mary Ann aliwatafsiria: una njaa ya tumbo ama ya kichwa?

"Ya kichwa ni gani?" Wakonyo alimuuliza kwa simu.

"Ni ile unakula juu ya stress. Umekasirika, unakula. Umeboeka, unakula. App inataka ujijue. Halafu kuna mahali pa kuandika vile unasikia, iko na picha ya kufuli. Hapo hakuna mwenye anaona. Ni wewe na Mungu wako."

Wakonyo hakuwa na sababu ya kukataa. Presha yake ilikuwa imepanda mara mbili mwaka huo, na muuguzi alimwambia wazi kwamba asipopunguza mwili, mwili utampunguza yeye. Basi siku ya kwanza akawa mkweli. Alipiga picha ugali wake, matumbo, sukuma na nusu ya avokado, akaituma. Hazikupita dakika tano.

"Mama Waithaka," Mary Ann akaandika, akimwita kwa jina la mwanawe, na chini yake nyuso tatu zinazocheka, "hiyo ni ya watu wangapi?"

Wanawake wengine saba wakacheka. Wakonyo naye akatuma uso unaocheka, huku macho yakimjaa machozi, kisha akala ule ugali wote na kuongeza mwingine.

*

Mama mkwe wake, Mama Nduta, alikuwa na miaka themanini na moja na aliishi nao, katika chumba kilichopakana na jiko. Alikula kwa bakuli moja tu, la bati lililopakwa rangi nyeupe na ukingo wa kijani, lililobanduka rangi mahali pamoja kwa umbo la kucha. Bakuli hilo alilibeba mapajani siku familia ilipohama kutoka Nyeri kuja kufungua shamba Trans-Nzoia, na watoto wake wote walilishwa nalo. Umletee chakula kwa sahani ya maua, atakuuliza kama kuna harusi.

Wiki ile ile ya mizani, Mama Nduta alianza kukataa ugali. Halafu akakataa githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Wakonyo akawa anamponda viazi, minji na majani ya malenge mpaka vinalainika kabisa, anamtilia kidogo, anakaa kitandani kando yake na kijiko.

"Inatosha," mzee akasema siku hiyo, baada ya kijiko cha nne.

"Mama, si tumeanza tu."

"Inakwama hapa." Akagusa koo. "Inashuka kama mtu analazimishwa kuingia kwa nyumba. Malizia wewe."

"Nitaweka. Utakula jioni."

"Jioni itakuwa imelala. Maliza. Chakula haitupwi nikiona."

Hilo lilikuwa neno la zamani katika nyumba hiyo na hakuna aliyelibishia. Wakati wa Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau, Mama Nduta akiwa msichana mdogo, walifungiwa kijijini na askari, na akamzika ndugu yake mdogo aliyekufa kwa njaa. Tangu wakati huo hajaona makombo yakienda kwa kuku bila kuugua siku nzima. Wakonyo akala, mzee akimtazama kila kijiko. Alipokomba bakuli, mzee alitabasamu kidogo.

"Na usimwambie Wachira," akasema. "Wala yule msichana wa Bungoma. Watanibeba hospitali. Mzee wangu alienda na miguu yake. Wakamuwekea mpira wa chakula kwa pua miezi mbili, wakaturudishia sanduku. Mimi sitaki mpira. Niahidi."

"Mama, na kama ni kitu ya kutibiwa?"

"Niahidi, Mama Waithaka."

Wakonyo aliahidi. Alimpenda yule mzee, na hilo lisemwe wazi, maana baadaye watu walisema mengine. Siku alipoolewa ndiye peke yake katika ukoo ambaye hakumuuliza ataanza kuzaa lini. Lakini haikuwa mapenzi tu. Wakonyo alijua pia kwamba mama mkwe akikonda, watu hawatazami koo la mama mkwe, wanatazama nyonga za mke wa mwanawe. Aliogopa, na woga ukajificha ndani ya ahadi.

Jioni Wachira, mumewe, alirudi kutoka dukani kwake, duka la misumari na rangi, akapita jikoni kama kawaida yake.

"Mama amekula?"

"Bakuli si hiyo hapo."

Wachira akalitazama bakuli, tupu, limeoshwa, limeinamishwa juu ya karai. "Mungu ni mwema," akasema, akaenda kuvua viatu. Wakonyo hakuwa amesema uongo wowote. Akapakua chakula cha wawili na kula tena, kwa sababu mke asiyekula na mumewe ataulizwa ana nini.

Na ile picha aliyoituma kwenye kikundi siku hiyo ilikuwa ya bakuli la Mama Nduta kabla ya kuliwa. Viazi vilivyopondwa, kiasi cha ngumi ya mtoto. Wanawake wakampigia makofi. "Hongera, Mama Waithaka," Mary Ann akaandika. "Sasa umeshika." Kusifiwa kulimkalia vizuri, kwani hakukuwa na mwingine aliyemsifu kwa lolote siku hizo. Kesho yake akapiga tena picha ya bakuli, na kesho kutwa pia.

Penye kufuli ndipo alipoandika ukweli. "Jumanne. Mama vijiko vinne. Nimemalizia. Njaa ya kichwa."

*

Kufikia wiki ya sita mzee alikuwa akila vijiko viwili, na mizani ya Nasir ilisema tisini na saba. Vijana wa magunia walikuwa wameshazoea, hata hawakugeuka.

Shamira aliisoma namba mara mbili. "Wewe, hebu niambie. Kwa app unakula kama ndege. Hapa unaongezeka. Huyo ndege anakula wapi?"

"Pengine ni maji."

"Maji gani hiyo iko na mashavu?" Shamira akamvuta kando, nyuma ya magunia. "Dada, kuna kitu unaficha. Si mimi nitakuuliza ni nini. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, wewe unajua."

"Si maradhi yangu," Wakonyo akasema, na neno lilipotoka akatamani kulirudisha. Shamira akafungua mdomo kuuliza, mteja akaita kutoka barabarani.

Huko Bungoma, Mary Ann naye alikuwa akitazama namba hizo. Programu ilichora mstari wa kila mwanachama, na mistari yote ilikuwa ikishuka ila mmoja. Alifungua picha za Wakonyo akazipitia kuanzia ya kwanza. Aliona viazi, akaona uji, akaona viazi tena. Akaikuza moja kwa vidole viwili ili aone kiasi. Hakuona kiasi. Aliona ukingo wa kijani na mahali palipobanduka rangi kwa umbo la kucha, mahali ambapo yeye mwenyewe, akiwa na miaka mitano, alikuwa akiweka kidole gumba wakati wa kunywa uji.

*

Walifika Jumapili wiki ya tisa, yeye na mumewe Mukhisa, bila kupiga simu. Wachira alifurahi, akaanza kutafuta kuku wa kuchinja. Mary Ann hakukaa. Aliingia moja kwa moja chumbani kwa mama yake, na kutoka jikoni Wakonyo akasikia sauti ya zipu. Kitale kuna baridi, na Wakonyo alikuwa amemvisha mzee sweta mbili na koti juu. Mary Ann alikuwa akizivua.

Alipotoka, alikuwa ameshika simu kwa mkono mmoja na bakuli kwa mwingine.

"Hii bakuli ni ya nani?"

Akaliinua mbele yao.

"Wachira, nauliza wewe. Hii bakuli ni ya nani?"

"Si ni ya Mama," Wachira akasema. "Kwani nini?"

"Picha hamsini na tisa. Nimehesabu. Bibi yako anakula kwa bakuli ya mamangu. Yeye ako kilo tisini na nane, na Mama nimeshika mkono yake sasa hivi, vidole vyangu vimepitana." Alimgeukia Wakonyo. "Unakula chakula ya mamangu?"

Mukhisa akajaribu. "Mama Chebet," alimwita mkewe kwa jina la mtoto wao, "pole pole. Tuketi kwanza, tusikizane."

"Sitaketi kwa hii nyumba."

Wachira alimtazama mkewe. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa duka lake limevunjwa na bado hajafika kuona. "Wakonyo. Ni ukweli?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mama Nduta alikuwa amekaa kitandani, mabega yake nje, akimtazama Wakonyo. Neno moja lake lingetosha. Angesema tu, ni mimi nilimwambia. Lakini mzee alinyamaza, macho yamekaza, yakidai ile ahadi.

"Nilikuwa namalizia," Wakonyo akasema.

Ilikuwa kweli tupu na ilisikika vibaya kuliko uongo wowote. Mary Ann alicheka kwa pumzi, akamwambia Mukhisa aende kuwasha gari. Walimbeba mzee katika blanketi. Bakuli likaenda pia, na kabla gari halijatoka langoni, simu ya Wakonyo ikalia kumjulisha kwamba ameondolewa kwenye kikundi.

*

Siku tatu Wachira alikula hotelini. Alirudi, akanawa miguu, akapita jikoni bila kuuliza kitu, kwa sababu hakukuwa na bakuli la kuuliza. Wakonyo alikula mkate akiwa amesimama, akala sima iliyolala, akala sukari kwa kijiko. Ajabu ni kwamba programu bado ilimuuliza swali lake, ingawa kikundi hakikuwepo tena. Alijibu kila mara, kichwa, kichwa, kichwa. Alijiambia kwamba pengine kwa Mary Ann mzee anakula. Pengine ni yeye aliyekuwa hajui kumpondea viazi. Alitamani iwe hivyo, hata kama ingemaanisha kwamba yeye ndiye mbaya.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, Mary Ann alipiga.

"Tuko kliniki," akasema. Sauti yake ilikuwa chini, si ile ya Jumapili. "Mama hajakula kitu tangu tufike. Nimempikia kila kitu. Ati nimalizie mimi. Jana maji pia imerudi kwa pua. Daktari anauliza hii ilianza lini. Anauliza ilianza na chakula ngumu ama na maji. Mama amekataa kuongea. Na mimi sijui, Mama Waithaka. Mimi ni msichana wake na sijui. Ilianza lini?"

Wakonyo alikuwa amesimama penye kitanda kitupu. Ahadi ilikuwa bado mdomoni mwake. Angeweza kusema hajui, na mzee asingewekwa mpira, na angekufa kama alivyotaka, au angekufa tu.

"Nimeandika," akasema. "Siku zote. Nakuja."

Alikwenda dukani kwa Wachira. Alimkuta akimpimia mteja misumari, akamngoja amalize. "Washa pikapu," akamwambia. "Mama yako ni mgonjwa, na mimi nilijua." Wachira akachukua funguo. Kitale hadi Bungoma walisema maneno mawili tu, na yote yalikuwa kuhusu barabara.

*

Daktari Kipketer alikuwa mtu mpole mwenye haraka. Alimketisha Wakonyo; Wachira na Mary Ann wakasimama ukutani, na Mama Nduta alikuwa amelala kwenye kitanda chembamba, macho yamefumbwa, ila kila mtu alijua halali.

"Soma tu vile umeandika," daktari akasema.

Wakonyo akafungua palipo na kufuli. Hakuwa amewahi kusoma maneno hayo kwa sauti, na alipoanza aliona kwamba hakuyaandika ili yasomwe.

"Tarehe nne. Mama amekataa githeri, anasema inakwama. Mary Ann amenicheka mbele ya watu. Nimekula ugali mara mbili, njaa ya kichwa. Tarehe sita. Viazi, vijiko vinne. Amesema nimalizie. Wachira ameuliza bakuli, hajaniuliza mimi."

Nyuma yake mtu alikohoa. Wakonyo hakugeuka.

"Endelea," daktari akasema, kalamu ikikimbia.

"Wiki ya nne. Vijiko vitatu. Amekohoa na viazi ikarudi. Nimemvalisha sweta ya pili isionekane mifupa. Nimekula mkate nusu. Wiki ya sita. Vijiko viwili. Shamira ameniuliza, karibu niseme. Wiki ya nane. Uji pekee. Analala ameketi. Naogopa akikufa watasema ni mimi. Naogopa pia ni mimi."

Aliishusha simu mapajani.

"Hii imenisaidia sana," daktari akasema. "Imeanza na chakula kigumu, halafu laini, halafu maji. Inanipa mahali pa kuanzia kutafuta. Leo tutamuwekea mpira apate nguvu, kesho tunapitisha kamera kwa koo." Akaweka kalamu chini. "Lakini mama, wiki tisa ni nyingi. Kwa nini hukumleta?"

Wakonyo alikuwa na jibu la ahadi, tayari kabisa. Alimtazama mzee. "Aliniapisha," akasema. Halafu, kwa sababu alikuwa ameshasoma hadi mwisho na hakukuwa na pa kujificha, "Na niliogopa."

Hakuna aliyesema si kitu. Muuguzi aliingia na mizani, wakamsimamisha mzee wakimshika kila upande. Kilo thelathini na saba. Wachira, ambaye duka lake halikuuza mahindi lakini alizaliwa Trans-Nzoia kama wengine, alisema kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Hata nusu gunia haifiki," akatoka nje akasimama kwenye ukumbi akiwa ametazama ukuta.

*

Alasiri muuguzi alisema wajaribu uji mwepesi kabla ya mpira, aone mwenyewe jinsi mgonjwa anavyomeza. Mary Ann alitoa bakuli la ukingo wa kijani mkobani. Alikuwa amelibeba, alisema, akifikiri labda mama yake anachotaka ni chombo chake tu. Alimpa Wakonyo, hakumtazama.

"Mlishe wewe," akasema. "Wewe ndio anakubali."

Mama Nduta alifumbua macho. Alikubali kijiko kimoja. Kilichukua muda kushuka, shingo yote ikifanya kazi. Alikubali cha pili, na nusu yake ikarudi kwa kikohozi. Muuguzi akaandika. Mzee akalisukuma bakuli kwa nyuma ya mkono.

"Malizia," akasema.

Wakonyo alikuwa amekishika kijiko. Mkono ulikuwa umeshaanza safari yake, kwa mazoea ya wiki tisa.

"Hapana, Mama," akasema. "Leo itabaki."

"Malizia, nimesema. Haitupwi nikiona."

"Itabaki daktari aone."

Akaliweka bakuli juu ya kabati ndogo ya kando ya kitanda, likiwa limejaa karibu hadi ukingoni, mahali ambapo kila aingiaye angeliona. Mama Nduta alilitazama bakuli, akamtazama Wakonyo kwa muda mrefu, na katika macho yake hakukuwa na hasira hata kidogo. Afadhali ingekuwepo.

"Wewe nilikuamini," akasema, akageukia ukuta.

Mary Ann akaanza kulia bila sauti, mkono kinywani. Wakonyo hakulia. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akaushika mguu wa mzee juu ya blanketi, na mzee hakuuondoa, wala hakuusogeza karibu. Simu ikatetemeka mfukoni. Saa kumi, saa ya programu kumuuliza ana njaa gani. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu Kitale, na sasa ndipo alipolisikia tumbo lake, likiuma wazi wazi. Alitoa simu akabonyeza, tumbo. Kando yake uji ulikuwa umepoa na kufanya utando juu. Aliuacha hapo hapo, akangoja daktari aje.